Mabalozi wa Makambako

Neno "balozi" ni mgeni aliyekaa pwani siku nyingi hata watu wakasahau alikotoka. Jamhuri ya Venezia ilikuwa na mjumbe wake wa kudumu mjini Istanbul aliyeitwa bailo. Waturuki wakalitamka jina hilo balyoz. Na katika bandari za Ghuba, Waarabu wakalitumia kwa mkuu wa Kiingereza aliyekaa Bushehr kuangalia mambo ya dola yake. Yamkini lilivuka bahari pamoja na tende na mazulia. Lilipofika Unguja liliikuta kazi inalingoja, kwani Richard Waters, Mmarekani wa Salem, alifika kuwa mwakilishi wa nchi yake mwaka 1837, na Atkins Hamerton akafuata mwaka 1841 kwa niaba ya Waingereza. Tangu hapo, mtu wa visiwani akitaja balozi humaanisha mtu wa bendera na barua zenye muhuri, mgeni mwenye nyumba kubwa inayoitazama bahari.

Huko bara neno hilohilo limepata maisha ya pili. Katika miaka ya 1960, TANU ilipozigawa nyumba kumi kumi na kuziwekea kiongozi, rasmi aliitwa mjumbe, lakini watu wengi walimwita balozi: balozi wa nyumba kumi. Huyu hana bendera wala dereva. Yeye hujua nani kalala na njaa, nani kapokea mgeni usiku, mume gani karudi na mume gani hajarudi. Wa kwanza kazi yake ni kuondoka kwao. Wa pili kazi yake ni kutoondoka.

Uko mji mmoja katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ambako kazi za mabalozi hawa wawili zimekutana, nao ni Makambako, katika Mkoa wa Njombe. Mtu wa pwani akishuka hapo mwezi wa Juni hugundua mara moja kwamba nguo alizozivaa ni za nchi nyingine. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe, kiasi cha kilomita 60 kuelekea kusini, iko juu zaidi na ina baridi kali zaidi: ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya chai na miwati, viazi sokoni, ulanzi vilabuni, na siku hizi parachichi zinazosafirishwa hadi Ulaya. Tangu Machi 2012 ni mkoa unaojitegemea. Kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Iringa.

Makambako ni njia panda, na katika njia panda hiyo pana jambo ambalo mpita njia halioni. Barabara kuu iendayo Zambia ilijengwa upya kwa msaada wa Wamarekani pamoja na wafadhili wengine. Reli inayokutana nayo ilijengwa na Wachina. Barabara inayochepuka kwenda Njombe na Songea iliwekwa lami kwa msaada wa Waingereza, katika miaka ya 1980. Mataifa matatu, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa hayapikiki chungu kimoja, yaliacha alama zao mahali ambapo mtu anaweza kuzizungukia zote kwa miguu kabla chai haijapoa. Wala hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyoamuliwa Makambako. Zote zilizungumzwa mbali, vyumbani, na watu waliokuwa wamewaacha watoto wao kwa jirani au waliowachukua hadi nchi ambazo watoto hao hawakuzichagua.

Habari za reli zimesimuliwa sana, kwa hiyo hapa zitapitiwa mbiombio. Zambia haikuwa na bahari, na shaba yake ilipita kwa majirani waliotawaliwa na walowezi. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Tarehe 15 Desemba, Tanzania ikavunja uhusiano wake wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa Uingereza haikumchukulia hatua, na ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa. Uhusiano huo haukurudishwa hadi mwaka 1968. Wataalamu wa Magharibi walikuwa wameipima fikra ya reli na kusema haitalipa. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwenda China Februari 1965, Zhou Enlai akaja Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka huohuo, na Kaunda naye akafunga safari ya Beijing mwaka 1967. Tarehe 5 Septemba 1967 serikali tatu zikatia saini Beijing. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, ulipwe kwa miaka 30. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970 na reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa tarehe 14 Julai 1976.

Tarehe ya saini inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka. Wiki mbili tu kabla yake, usiku wa tarehe 22 Agosti 1967, umati wa Walinzi Wekundu uliuvamia ubalozi wa Uingereza mjini humohumo Beijing, ukautia moto, na watumishi wake, wanaume kwa wanawake, wakapigwa walipotoka motoni. Mwaka huohuo China ilikuwa imewaita nyumbani mabalozi wake wote duniani isipokuwa mmoja, Huang Hua aliyekuwa Cairo. Waliorudi walitakiwa kujieleza mbele ya vijana waliowaona kuwa wameharibiwa na mvinyo na suti za kigeni. Ujumbe wa Afrika ulioketi mezani Septemba ile ulikuwa ukizungumza na dola iliyokuwa ikiwala wanadiplomasia wake yenyewe. Na mkataba ukatiwa saini hata hivyo.

Katika mji huo Tanzania ilimpeleka, mwaka 1969, balozi wa miaka 27. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kutambulishwa kwa Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa tarehe 23 Januari 1942. Huenda hata hivyo kasi ya safari zake haijatazamwa kwa jicho la nyumba. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikuwa balozi Cairo. Mwaka 1965 alihamia New Delhi akakaa hadi 1968. Akarudi Dar es Salaam wizarani. Akaenda Beijing. Februari 1970 alikuwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, ambako alikaa miaka kumi. Miji mitano katika miaka sita! Mtu mmoja akihama hivyo ni masanduku. Familia ikihama hivyo ni masanduku, shule, daktari, jiko, sala ya Idi msikiti usioujua, na lugha ya kuombea chumvi dukani.

Delhi ya miaka ile ilikuwa na balozi mwingine ambaye wapenda ushairi wanamjua kwa sababu nyingine: Octavio Paz wa Mexico, aliyekuwa huko tangu 1962. Paz alifunga ndoa hukohuko, chini ya mwarobaini uliokuwa katika bustani ya nyumba ya ubalozi, na Oktoba 1968, serikali yake ilipowaua wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco, akaacha kazi. Mwarobaini na ndoa viliwezekana kwa sababu ya ubalozi, na ubalozi ukashindikana kwa sababu ya dhamiri. Kisa hiki kinakumbusha kwamba nyumba ya balozi si yake. Kitanda ni cha serikali, mti ni wa serikali, na siku ya kuondoka huachwa vyote.

Sheria yenyewe inasema hivyo kwa lugha kavu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaotawala mambo ya kibalozi duniani, unawapa kinga wale wa familia ya mwanadiplomasia walio sehemu ya nyumba yake. Usemi huo ukiutafakari, utaona kuwa mke, mume au mtoto hatajwi kwa jina lake wala kwa kazi yake. Anatajwa kwa paa analolala chini yake. Kinga inamlinda na inamfunga. Akitaka kuajiriwa katika nchi ya ugeni, mara nyingi hawezi mpaka serikali mbili zikubaliane. Ndiyo maana mwalimu aliyeolewa na katibu wa ubalozi huacha chaki yake Dar es Salaam, na akirudi baada ya vituo vitatu hukuta aliowafundisha wamekuwa wakuu wa shule.

Nchi kubwa hazikuwa na huruma zaidi. Katika Marekani, hadi mwaka 1972, mke wa mwanadiplomasia aliandikwa ndani ya ripoti ya kazi ya mumewe: anavyokaribisha wageni, anavyojipamba, kama anafaa. Alipewa alama bila kupewa mshahara. Uingereza ilimtaka mwanamke aliyekuwa mwanadiplomasia aache kazi siku ya kuolewa, na kanuni hiyo haikufutwa hadi mwaka 1973. Tanzania haikurithi kanuni hizo kwa maandishi, kwa kuwa utumishi wake wa kibalozi ulianza ukiwa mtupu. Hata chuo cha kuwafunza watu wake kilikuja mwaka 1978 tu, kilipoanzishwa Dar es Salaam kwa ushirikiano na Msumbiji. Leo chuo hicho kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim. Kabla yake, kijana alijifunza ubalozi kwa kuwa balozi, na mkewe alijifunza kuwa mke wa balozi siku wageni 40 walipokuwa mlangoni.

Visiwani pia panakumbukwa kwamba familia za kibalozi ni kama kipimajoto: hizo ndizo zinazoondolewa kwanza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani waliokuwa Unguja walipakiwa kwenye manowari Manley, wanawake na watoto mbele, na wanaume wachache wakabaki. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1965, mwakilishi wao Frank Carlucci alifukuzwa nchini, naye akafungasha.

Sasa urudi kwenye reli, kwa kuwa hapo ndipo Beijing, New York na Makambako zinapounganika. Tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, huku nchi 17 zikijizuia. Salim alikuwa miongoni mwa waliolipigania azimio hilo kwa nguvu zaidi, na furaha ya ujumbe wa Tanzania ukumbini ilionekana na wote, nayo Washington haikuisahau. Mwaka 1981, aliposimama kugombea ukatibu mkuu, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim mara 16, mpaka kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Huo ndio uso wa diplomasia unaopigwa picha. Lakini siku zilezile za Oktoba na Novemba 1971, reli iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikifika Mlimba, kilomita 502 kutoka pwani, chini ya ukuta wa milima. Mbele yake palikuwa na kilomita 157 hadi Makambako.

Kipande hicho ndicho kilichokuwa mtihani. Kutoka bonde la Kilombero, lenye joto na mpunga na tembo, reli ilipaswa kupanda zaidi ya mita elfu moja mpaka kwenye baridi. Mengi ya mahandaki 23 ya reli nzima yamo humo. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye urefu wa kama mita 50. Ardhi ilikuwa tope lililoteleza. Mvua ilipokunjua jamvi lake, kilichojengwa mwezi mzima kiliweza kushuka bondeni kwa usiku mmoja. Watanzania na Wazambia walikuwa makumi ya maelfu, na Wachina waliopita katika kazi hiyo kwa miaka yote wanakadiriwa kuwa kati ya 30,000 na 50,000. Agosti 1973 mataruma yalikwisha kulazwa hadi mpakani Tunduma.

Je, watu hawa walikuwa mabalozi? Kwa hati zao, hapana. Waliitwa wataalamu. Lakini serikali yao iliwafunza kama wajumbe kabla hawajapanda meli: namna ya kusalimu, namna ya kutogombana, namna ya kutojitenga. Zhou Enlai alikuwa ametangaza mwanzoni mwa mwaka 1964 kanuni nane za misaada ya China, na ya nane ilisema kwamba mtaalamu wa Kichina ataishi kwa hali ileile ya mtaalamu wa nchi anayoisaidia, bila kudai anasa za peke yake. Kwa hiyo hawakuwa na nyumba inayoitazama bahari. Walilala kambini, walilima mboga zao, walishika sururu pamoja na vijana wa Kibena na wa Kihehe, jambo ambalo kwa watu waliomjua mzungu wa miwani ya jua na fimbo lilikuwa ajabu kubwa.

Na hawakuja na wake zao. Hapo ndipo kanuni ya nane na Mkataba wa Vienna zinapoachana kabisa. Mwanadiplomasia alifuatwa na watu wa nyumba yake. Mtaalamu wa reli aliambiwa aiache nyumba yake China, kwa miaka miwili au zaidi, na huku Afrika asithubutu kuanzisha nyingine. Barua zilipita baharini. Mtu aliyemwacha mtoto anatambaa aliweza kurudi akakuta anayekwenda shule, akimwita "mjomba" kwa heshima. Wako waliofika na hawakurudi. Mmoja alikufa kwa kushambuliwa na nyuki wakati njia ikipimwa. Wengine kwa ajali, wengine kwa malaria na maradhi mengine. Makaburi yao wapatao 70 yako Majohe, karibu na Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam, yamepangwa safu safu, na kila mwaka katika siku za Qingming, ambazo ni siku za Wachina za kuzuru wafu, watu wa ubalozi wao huenda kuyasafisha na kuweka maua. Anayekwenda ni balozi, maana wajane walikuwa mbali.

Watu wa Njombe hawakuhitaji kufasiriwa hali hiyo. Walikuwa wameishi nayo kwa vizazi viwili. Tangu enzi za Wajerumani, na zaidi chini ya Waingereza, nyanda za Wabena, Wakinga na Wapangwa zilihesabiwa kuwa ghala la wafanyakazi. Hazikupewa reli wala zao kubwa la biashara. Zilitakiwa zitoe wanaume. Ilipofika mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi ya kuwaandikisha, ambayo watu waliifupisha jina wakaiita SILABU, na malori yakawachukua wanaume hao mpaka Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Mwanamke wa Njombe ndiye aliyebaki na shamba, na mbuzi, na mama mkwe, na swali la mtoto: baba atarudi lini?

Mwanahistoria James Giblin amekiandika kisa hiki katika kitabu kilichotoka mwaka 2005, ambacho jina lake lingeweza kufasiriwa kuwa "Historia ya Waliotengwa". Hoja yake, iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee wa Njombe wenyewe, ni kwamba watu hawa, walipoona serikali haiwapi nafasi, waliigeuza familia kuwa kimbilio. Ndugu alimfuata ndugu shambani Tanga, mjomba akalipa karo, shangazi akalea, na mambo ya maana yakaamuliwa jikoni, mbali na boma la mkuu wa wilaya. Kitabu hiki kinafaa kusomwa na kila anayeishi pwani na anayedhani kuwa bara halina siri.

Ukiyaweka haya mawili pamoja, utaona kinyume cha ajabu. Katika ubalozi, familia huingizwa ndani ya serikali: sebule ni ofisi, chakula cha jioni ni mkutano, tabia ya mtoto ni heshima ya taifa. Katika Njombe ya manamba, familia ilikuwa mahali pa kuikimbia serikali. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikaja yenyewe hadi mlangoni ikiwa imevaa suruali ya buluu ya Kichina, ikiwa na ajira, mshahara na filimbi. Wanaume waliokuwa wakienda mbali kutafuta kazi waliikuta kazi Makambako, umbali wa siku moja kutoka kwao. Wengi walikwenda nayo mpaka Tunduma na wakaendelea Zambia. Wengi walibaki. Na reli haikwisha kutandikwa kabla ya vijiji vya ujamaa kusogezwa kuifuata, na hapo balozi wa nyumba kumi naye akapata kazi ya kuhesabu watu wasiojuana, waliotoka pande zote, waliokuwa wakijifunza kuitana jirani.

Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walikwenda safari ya kinyume. Mwaka 1972 walipelekwa Beijing, katika chuo kikuu cha reli cha Jiaotong ya Kaskazini, wakajifunza kwanza Kichina, kisha injini, ishara na hesabu za mizigo, na wengi wao wakarudi mwaka 1975 kuiendesha reli. Hao nao walikuwa mabalozi wasio na hati. Walikuwa vijana wenye wachumba waliowaacha nyumbani, na katika China ya wakati ule, iliyobana mapenzi hata kwa wenyeji wake, hakuna aliyewadhania kuwa walikwenda kustarehe.

Kutoka nyanda hizo za juu baadaye walitoka mabalozi wa hati pia. Daudi Mwakawago wa Iringa aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa tangu 1994 hadi 2003, kisha akapelekwa Sierra Leone iliyokuwa ikitoka vitani. Alimfuata New York mtu wa Iringa mwenziwe, Augustine Mahiga, aliyezaliwa Tosamaganga mwaka 1945 na akafariki Mei 2020. Mahiga alipokuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa kwa Somalia aliihamisha ofisi yake, Januari 2012, kutoka Nairobi kwenda Mogadishu, baada ya miaka 17 ya kuitazama nchi hiyo kwa mbali. Mogadishu, katika lugha ya watumishi wa umoja huo, ni kituo kisicho cha familia: mke haendi, watoto hawaendi. Maneno hayo mzee wa Njombe aliyekuwa manamba angeyaelewa bila mkalimani, na mchimba handaki wa Mlimba vilevile. Asha-Rose Migiro alizaliwa Songea mwaka 1956, mwisho wa ile barabara ya Waingereza inayoanzia Makambako. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012, na baadaye balozi London. Na Pindi Chana wa Njombe alikuwa balozi wa Tanzania Nairobi kabla ya kurudi katika siasa za nyumbani na kuwa waziri.

Majina haya mawili ya mwisho yanafungua swali ambalo itifaki haijalijibu vizuri popote. Kwa miaka mingi ilikuwa wazi nani anamfuata nani. Balozi akiwa mwanamke, mume wake anakaa wapi mezani? Ataacha duka lake, ofisi yake, ukoo wake, afungashe masanduku na kuitwa sehemu ya nyumba? Wanaume wachache wamekubali, na wengi wamebaki nyumbani na kuifanya ndoa yao kuwa ya ndege na simu. Mwanamke wa Njombe wa mwaka 1950 hakuulizwa kama anakubali.

Reli yenyewe haikutimiza ahadi zote. Ilijengwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka na haikuzifikia hata mara moja; mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani laki moja. Tarehe 4 Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua, na Septemba 2025 yakafuata makubaliano yenyewe, ya kiasi cha dola bilioni 1.4, kwa kampuni ya Kichina kuikarabati na kuiendesha. Miaka 57 kasoro siku moja ilikuwa imepita kati ya saini ile ya kwanza na hii ya 2024. Mchina wa safari hii akiwa kambini ataongea na mtoto wake jioni na kumwona uso. Wa mwaka 1972 alikuwa na picha moja, iliyofifia kwa jasho.

Kati ya Mlimba na Makambako watu walikipa jina treni yao ndogo ya kusimama kila mahali: kipisi. Hakikutajwa katika mkataba wowote. Shaba ilipopungua, kipisi kiliendelea kubeba wanawake wenye mikungu ya ndizi na magunia ya mchele wakipanda kutoka bondeni, na wengine wakishuka na maharagwe na viazi vya Njombe vilivyojazwa lumbesa. Wafanyabiashara wa Kikinga walijua saa zake kuliko mkuu wa stesheni. Bibi aliyekuwa na binti aliyeolewa Mlimba alikitumia kupeleka uji wa mzazi, akalala huko siku arobaini, na aliporudi alipita kwanza kwa balozi wa nyumba kumi kumwambia kwamba amerudi, na kwamba ni mtoto wa kike.